Kuhama kompyuta: faili zinafika, mazoea yanabaki nyuma

Ukiingia siku hizi kwenye duka la laptopu za mtumba, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, swali la kwanza si bei tena. Mteja anauliza mashine ni ya kizazi cha ngapi. Sababu ni Oktoba 14, 2025, siku Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliokuwa mikononi mwa watu tangu Julai 2015. Mrithi wake, Windows 11, ana masharti: RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Kwa lugha ya dukani, HP EliteBook 840 G3, ambayo nusu ya wanafunzi wa vyuo waliibeba mgongoni, imeachwa ng'ambo ya mto, na G5 imevuka.

Kwa hiyo watu wanahama. Wengine wamejiandikisha kwenye mwaka mmoja wa nyongeza ambao Microsoft iliwapa wenye Windows 10, na wengine hawana haraka kabisa, maana mashine haizimiki kwa sababu tarehe imepita. Lakini mashine inayofaa ikishapatikana na pesa ikishatoka, kunabaki kazi ambayo watu huidharau: kuyatoa maisha ya kompyuta ya zamani na kuyaingiza kwenye mpya. Jinsi ya kuchagua laptopu sitaigusa hapa. Wauzaji wanaijua kazi hiyo, wakati mwingine kupita kiasi.

Wanaoumia zaidi katika kuhama huku ni wenye steshenari. Ofisi kubwa ina mtu wa IT na seva. Mwanafunzi ana simu, na nusu ya vitu vyake viko WhatsApp. Steshenari ya jirani na shule au mahakama ya mwanzo ina kompyuta moja, na ndani yake kuna mitihani ya majaribio ya shule kadhaa, mikataba ya pango, barua zenye YAH kwa herufi kubwa, kadi za harusi, ratiba za misiba, wasifu wa kila kijana wa mtaa aliyewahi kuomba kazi. Mteja aliyechapiwa mkataba mwaka juzi anarudi leo akitaka "ule ule, ubadilishe tarehe tu." Kompyuta hiyo ndiyo ghala la biashara yote.

Mazungumzo kati ya fundi na mwenye duka huanza hivi, na nimeyasikia kwa sura nyingi:

"Mama, vitu vyako viko wapi?"

"Si viko humo humo kwenye kompyuta, mwanangu."

"Humo wapi? C au D?"

"Mimi hiyo C na D siijui. Nikiiwasha naviona hapo mbele."

Hapo mbele ni C. Uso ule wa skrini unaoonekana mashine ikiwaka, uliojaa folda hadi picha ya nyuma haionekani, ni folda ya kawaida tu inayokaa ndani ya C, chini ya Users, chini ya jina la mtumiaji. Documents nayo iko huko huko, pamoja na Downloads na Pictures. Na fundi anapokuja kupiga window, yaani kuiweka Windows upya, C ndiyo inayofutwa. Hapa ndipo msiba wa kwanza hutokea: mwenye duka aliambiwa zamani kwamba "D haiguswi", akalala usingizi, wakati hajawahi kuweka hata faili moja kwenye D. Fundi mwangalifu huinakili folda nzima ya jina la mtumiaji kabla ya jambo lolote. Fundi wa haraka huuliza swali lile moja, hupata jibu lile moja, na hupiga window.

Tuseme lakini amepatikana fundi mwangalifu. Faili zote zimebebwa, zimefika, zinafunguka. Mama anakaa kwenye mashine mpya asubuhi, anaanza barua ya kwanza, na Word inampigia mistari myekundu chini ya kila neno. Majina ya watu mekundu, majina ya kata mekundu. Kwenye ile ya zamani haikuwa hivyo, na hakumbuki kama kuna kitu aliwahi kukirekebisha. Alikirekebisha. Kwa miaka, kila mstari mwekundu ulipomkera, alibofya kitufe cha kulia akachagua kuliongeza neno kwenye kamusi, moja leo, mawili kesho. Maneno hayo yote Word iliyaandika kwenye faili iitwayo CUSTOM.DIC, ndani ya folda ya UProof, ndani ya Microsoft, ndani ya Roaming, ndani ya AppData. Faili hiyo inafunguka kwa Notepad. Ukiifungua unakuta orodha tupu ya maneno, neno moja kila mstari: majina ya wanafunzi, vijiji, mitaa, vyeo, vifupisho vya halmashauri. Ni faili ndogo sana, mara nyingi haifiki ukubwa wa picha moja ya simu. Kuinakili hadi folda ile ile ya mashine mpya, Word ikiwa imefungwa, ni kazi ya dakika moja. Lakini ni nani angeitafuta? AppData yenyewe Windows imeificha. Huioni mpaka uende kwenye menyu ya View uruhusu vitu vilivyofichwa vionekane.

Hapa ndipo naona mafundi wengi, hata wazuri, wanapokosea hesabu. Wanadhani kompyuta ni faili. Mwenye mashine hamlipi mtu ili apate faili, anamlipa aendelee kufanya kazi kama jana. Na sehemu kubwa ya jana imo ndani ya AppData, folda ambayo mwenye mashine hajawahi kuiona kwa macho.

Vile vikaratasi vya njano vya Sticky Notes, kwa mfano. Kuna wenye maduka wanaoandika madeni humo: nani hajalipia rimu mbili, mwalimu yupi atalipa mwisho wa mwezi. Vikaratasi hivyo vinaelea juu ya skrini kana kwamba vimebandikwa, lakini havimo kwenye Documents wala kwenye Desktop. Vinakaa kwenye hifadhidata ndogo iitwayo plum.sqlite, iliyozama ndani ya AppData, upande wa Local, ndani ya Packages. Kama mtumiaji aliingia kwa akaunti ya Microsoft, vitamfuata vyenyewe kwenye mashine mpya. Kama hakuingia, na wengi hawakuingia kwa sababu fundi aliyewawashia mashine aliruka hatua hiyo, vinabaki kwenye diski ya zamani pamoja na madeni.

Fonti zina kisa kirefu zaidi. Kadi za harusi zinaishi kwa fonti. Zamani ukiweka fonti mpya ilikwenda kwenye folda ya Fonts ndani ya Windows, mahali pamoja panapojulikana. Tangu toleo la Windows 10 la mwishoni mwa 2018, ukiibofya fonti mara mbili na kuiweka kwa njia ya kawaida, inakwenda kwenye folda ya mtumiaji mwenyewe, tena ndani ya AppData. Fundi aliyezoea kunakili ile folda ya zamani anabeba fonti za Windows, ambazo mashine mpya tayari inazo, na kuziacha zile zilizopakuliwa kwa ajili ya kadi. Kosa hili halijitangazi. Kadi inafunguka bila ujumbe wowote wa kushtua. Ila herufi za maua zimegeuka kuwa za kawaida, jina la bwana harusi limeshuka mstari wa pili, na ukumbi umevuka ukingo wa karatasi. Mteja ndiye anayegundua, tena baada ya nakala mia kutoka.

Na kwa kuwa kadi nyingi za mtaani zimechorwa kwa Publisher, mwenye duka anayehama sasa ana sababu ya pili ya kuzipitia. Microsoft imetangaza kwamba Publisher inafikia mwisho wake Oktoba 2026, na baada ya hapo walio kwenye Office ya kulipia kwa mwezi au mwaka hawataweza kufungua faili zake. Aliye na Office ya kununua moja kwa moja atabaki na programu yake, bila msaada wa kampuni. Ushauri wangu ni kuketi kwenye mashine ya zamani, ambako kila fonti ipo na kila kitu kinaonekana kinavyopaswa kuonekana, na kuzitoa kadi muhimu kwa PDF kabla ya kuhama. PDF haihaririki kirahisi, lakini angalau inabaki na sura yake.

Nywila ni habari nyingine. Anayetumia Chrome na ameingia kwa akaunti yake ya Google, akaruhusu iwianishe, hana la kuhangaika: akiingia kwenye mashine mpya, nywila na kurasa alizozihifadhi zinamfuata. Asiyeingia hawezi kutatua kwa kunakili folda ya Chrome, kwa sababu nywila zimefungwa kwa ufunguo wa akaunti ya Windows ya mashine ile ya zamani. Folda itafika na nywila hazitafunguka. Inabidi Chrome yenyewe, kwenye mashine ya zamani, iombwe izitoe kama faili. Faili hiyo ni maandishi matupu, anayeiokota anasoma kila kitu, kwa hiyo ikishamaliza kazi yake ifutwe siku hiyo hiyo. Firefox ni mpole zaidi: folda yake ya wasifu ukiibeba nzima, inabeba na nywila.

Barua pepe za zamani zinazopakuliwa kwa njia ya POP ndizo za kuogopa. Kuna ofisi ndogo ambazo Outlook yao iliwekwa miaka mingi iliyopita na mtu ambaye leo hayupo, na ikaagizwa ipakue barua na kuzifuta kwenye seva. Barua zote, tangu mwanzo, ziko kwenye faili moja yenye mkia wa .pst ndani ya mashine ile, na hakuna nakala popote duniani. Kufungua akaunti upya kwenye laptopu mpya kunaleta kisanduku kitupu, na watu hudhani wameibiwa.

Programu zenyewe hazinakiliki. Folda ya programu ukiiburuta hadi mashine nyingine haitakwenda mbali, kwa sababu programu ilipowekwa iliandika mambo yake pia kwenye rejista ya Windows na kwenye folda nyingine. Huwekwa upya, moja moja. Wanaotunza hesabu kwa Tally wanatakiwa wasalimishe leseni kwenye mashine ya zamani kabla ya kuiwasha kwenye mpya, na hilo linataka mashine ya zamani iwe bado inawaka. Wa QuickBooks wajihadhari na jambo jingine: faili ya kampuni ikishafunguliwa kwa toleo jipya zaidi, hugeuzwa, na toleo la zamani haliisomi tena. Weka nakala rudufu pembeni kabla ya kuijaribu.

Sasa njia ya kubebea. Kampuni zimewahi kujaribu kuirahisisha. Miaka ya 1980 Laplink ya Marekani iliuza programu na kebo ya kuunganisha kompyuta mbili zizungumze moja kwa moja. Windows XP, mwaka 2001, ilikuja na msaidizi wake wa kuhamisha faili na mipangilio, Vista na Windows 7 zikaja na Easy Transfer iliyokuwa nzuri kweli, kisha Windows 10 ikatoka bila hiyo na Microsoft ikawaelekeza watu kwenye programu ya Laplink hao hao. Kwa wenye Mac kuna Migration Assistant, inayobeba hadi mipangilio, na naomba tusiwaonee wivu. Windows Backup ya sasa inapandisha vitu OneDrive, ambako nafasi ya bure ni GB 5. Steshenari yenye GB 100 ingelazimika kulipia. Na hata ikilipia, kwenye laini inayopandisha kwa megabiti 5 kwa sekunde, GB 100 zinachukua karibu siku mbili mfululizo, umeme usikatike wala bando lisiishe.

Ndiyo maana kwetu njia ni diski ya nje. Kwenye tundu la USB 3 mzigo huo huo, kama ni faili kubwa kubwa, huisha chini ya saa moja. Faili ndogo ndogo kwa maelfu huchelewesha hata kama jumla yake ni ndogo, hivyo AppData yenye uzito wa GB chache inaweza kukuchosha kuliko folda ya video za harusi. Kebo ya kawaida ya USB yenye vichwa viwili vya kiume usiichomeke kati ya kompyuta mbili. Kila upande unasukuma umeme wake, na tundu linaweza kuungua.

Flashi ina matatizo mawili yanayojulikana sana mtaani na bado yanawanasa watu kila wiki. La kwanza: video ya harusi ya GB 6 inakataa kuingia kwenye flashi ya GB 32 iliyo tupu, na kompyuta inadai faili ni kubwa mno. Flashi imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika GB 4. Ikipangwa upya kwa exFAT itapokea, ila kuipanga upya kunafuta vilivyomo, basi vitolewe kwanza.

La pili ni virusi vya njia za mkato, na hivi vinastahili kutazamwa kwa karibu. Mteja anachomeka flashi, anafungua, na badala ya folda zake anakuta vijipicha vyenye mshale mdogo pembeni, kila kimoja na jina la folda yake. Kinachofuata ni kubofya. Hapo ndipo virusi huingia kwenye mashine, kwa sababu ule mshale hauelekei kwenye folda, unaelekea kwenye programu chafu ambayo kwanza inajinakili, kisha inakufungulia folda yako ili usishtuke. Folda halisi zimo mle mle ndani ya flashi, zimefichwa tu. Wengi hudhani zimepotea, wanaiformati flashi, na hapo zinapotea kweli. Tiba ni kuisafisha mashine na flashi kwa programu ya kuzuia virusi, kufuta zile njia za mkato, kisha kuzifichua folda kwa amri ya attrib, ile ya kuondoa alama za kufichwa na za mfumo. Naileta habari hii hapa kwa sababu siku ya kuhama ndiyo siku virusi vya miaka yote hupata lifti. Mashine ya zamani isafishwe kabla haijatoa kitu, na mashine mpya iwe na kinga iliyosasishwa kabla haijapokea.

Kuna mbinu moja ya mafundi wetu inayokaribia mwisho wake. Laptopu isipowaka, fundi huifungua, huchomoa diski, huiweka kwenye kasha la USB na kuisoma kwenye mashine nyingine. Mbinu hiyo imeokoa tasnifu nyingi. Lakini kompyuta mpya zenye Windows 11, hasa ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi hufunga diski kwa BitLocker au namna yake nyepesi bila kukuuliza. Ukiichomoa, mashine nyingine inadai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyoingilia mara ya kwanza, na kama akaunti hiyo ilifunguliwa na muuzaji kwa barua pepe aliyoibuni pale dukani, basi diski nzima imekwenda. Anayenunua laptopu leo aingie kwa akaunti yake mwenyewe, na ufunguo auandike kwenye karatasi.

Nikirudi kwa fundi mwangalifu, yule ninayemwamini hafanyi haraka kuchomeka diski. Kwanza huomba kiti, hukaa pembeni na kumtazama mwenye mashine akifanya kazi kwenye ile ya zamani. Anabofya wapi kwanza? Printa gani inatoka yenyewe akisema chapa? Karatasi ya Word ikifunguka ina ukingo gani, fonti gani? Karatasi hiyo tupu nayo ni faili, Normal.dotm, na mipangilio yake hubebwa. Anaandika pembeni. Kisha anauliza swali ambalo mwenye duka hajajiandaa nalo: "Mama, kuna kitu unakifungua mara moja tu kwa mwaka?" Kipo karibu kila mara. Jedwali la ripoti za wanafunzi linaloguswa Novemba, au hesabu za kodi, au orodha ya wachangiaji wa mahafali. Vitu hivyo havitakosekana kesho, vitakosekana miezi kadhaa baadaye, wakati mashine ya zamani imeshauzwa. Kwa hiyo anamsihi asiiuze upesi, ikae kabatini mpaka muhula upite.

Siku ya kuiuza ikifika, kuna mali za watu wengine humo ndani. Steshenari hukaa na picha za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, pasipoti na wasifu wa wateja waliokuja kuskani wakaondoka bila kufikiri kwamba nakala ilibaki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, na haijalishi kama duka lake lina meza moja. Kumwaga pipa la taka la kwenye skrini hakutoshi, programu za bure za kurejesha faili huzirudisha kwa dakika chache. Kwenye mipangilio ya Windows kuna sehemu ya kuirejesha mashine katika hali ya upya, na ndani yake kuna chaguo la kuisafisha diski nzima. Hilo ndilo la kuchagua. Linachukua muda mrefu, hasa kwa diski za zamani za kuzunguka, hivyo chaja iwe ukutani.

Mashine isiyowaka kabisa haiwezi kusafishwa kwa njia hiyo. Inauzwa kwa vipuri bila diski. Bei inashuka kidogo, na wanunuzi wa vipuri wamelizoea hilo.